Nyumba iliyochemsha maji kila siku: kisa cha floraidi Maji ya Chai

Daktari alikuwa amemaliza kuitazama picha ya eksirei ya miguu ya mtoto. Akaiweka mezani, akamgeukia dada wa mtoto, binti wa miaka 11 aliyekaa kwenye benchi akimsubiri mdogo wake. "Hebu cheka kidogo nikuone meno." Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Ndivyo alivyozoea kucheka, na ndivyo anavyocheka mama yake, na mimi pia. Daktari akasubiri. Mkono uliposhuka, meno yakaonekana: ya kahawia, yenye vishimo vidogo kama ukuta uliobanduka chokaa. Ndipo akamwuliza mama yao, ambaye ni dada yangu, swali ambalo kwa miaka miwili ya kuhangaika hakuna aliyekuwa ametuuliza.

"Mama, mnakunywa maji ya wapi?"

Hiyo ilikuwa 2018. Kisa ninachokichambua hapa ni cha nyumba ya dada yangu, iliyo juu kidogo ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, upande wa Maji ya Chai. Yeye na shemeji wameniruhusu nikieleze bila majina. Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari, na meno yangu yana rangi ileile. Nakieleza kwa sababu nyumba hii haikuwa na uzembe wowote. Kila lililoandikwa kwenye mabango ya afya pale zahanati walilifanya, na bado mtoto wao wa kiume alipinda miguu.

Nianze na maji yenyewe yalivyokuwa yakitunzwa. Yalitoka kwenye bomba la kijiji, hatua kama 100 kutoka mlangoni, bomba linaloletewa maji na chemchemi ya mlimani. Yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu. Dada alikuwa akiyachota alfajiri, anayachuja kwa kitambaa cheupe, anayachemsha hadi yatokote, anayaacha yapoe kwenye sufuria iliyofunikwa, kisha anayamimina kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Hakuna aliyeruhusiwa kuchovya kikombe. Katika nyumba ile homa ya matumbo ilikuwa ni habari ya kusikia kwa majirani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu, ukitaka kuona maji salama nenda ukaone kwa dada yangu.

Mtoto alipofika miaka mitatu, mwaka 2016, tuliona magoti yanatengana. Akisimama na kuunganisha vifundo, katikati ya magoti unapitisha ngumi. Bibi yake alisema amebebwa mgongoni vibaya. Jirani akasema ni uzito, ameanza kutembea mapema. Kwenye zahanati moja tuliambiwa ni matege ya kawaida, upungufu wa vitamini D: mwotesheni jua la asubuhi, mpeni maziwa na dagaa. Ushauri huo haukuwa mbaya, kwa kuwa upungufu huo ni chanzo kimojawapo cha matege ya utotoni, na kalsiamu ilikuwa inahitajika kweli. Lakini mtoto anayeshinda juani kutwa nzima akifukuza kuku, na anayekunywa kikombe cha maziwa kila jioni, alipaswa kuonyesha unafuu. Baada ya miaka miwili ngumi ilikuwa inapita bila kugusa magoti, na mtoto alikuwa anaamka asubuhi akilia maumivu.

Daktari wa 2018 aliyatumia meno ya dada mtu kama ushahidi kwamba tatizo ni floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji, na nikiwa mtu wa maabara niliona uzuri wa fikra hiyo. Gamba la jino la ukubwani hujengwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi kama miaka minane. Katika kipindi hicho, floraidi ikizidi mwilini, gamba hujengwa likiwa na matundu madogo mno, haliwi imara. Jino likitoka linaweza kuonekana jeupe lisilong'aa, kama chaki, kisha rangi za vyakula na vinywaji huingia kwenye yale matundu na kuligeuza kahawia. Gamba hilo halijirekebishi tena. Kwa hiyo mdomo wa binti wa miaka 11 ulikuwa unasema nyumba ile ilikunywa nini tangu alipozaliwa. Mfupa nao hupokea floraidi hiyohiyo. Kwa mtu mzima, baada ya miaka mingi, viungo hukaza na mgongo hugoma kuinama. Kwa mtoto anayekua haraka, hasa asiyepata kalsiamu ya kutosha, mfupa hujengwa vibaya na kupinda kwa uzito wake mwenyewe.

Nilikwenda kuchukua sampuli mwenyewe. Kichupa kiwe cha plastiki, maana floraidi na kioo havipatani, na ukisuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kupima. Majibu ya maabara yalisoma zaidi ya miligramu 6 kwa lita. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Nikachota tena, safari hii kutoka kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa. Namba ilikuwa juu kidogo kuliko ile ya bombani.

Hapo ndipo nilipokaa kimya muda mrefu. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Moto huua vijidudu, na klorini huua vijidudu, lakini floraidi haina uhai wa kuuliwa. Ni ioni iliyoyeyuka ndani ya maji kama chumvi. Maji yakitokota, mvuke unaoondoka ni maji matupu, floraidi inabaki chini. Kila asubuhi kwa miaka zaidi ya kumi dada yangu alikuwa akitumia kuni zake kuyafanya maji kuwa salama kwa jambo moja na mazito zaidi kwa jambo jingine. Na mimi nilikuwa nikimsifu.

Kuna hesabu ambayo sasa naifanya darasani kila mwaka. Chukua sufuria ya makande. Mahindi na maharage makavu huchemka saa nyingi, na mpishi anaongeza maji kila yanapokauka. Tuseme mpaka yaive zimeingia lita 4. Kwa maji ya miligramu 6, zimeingia miligramu 24 za floraidi, na mvuke haukubeba chochote. Watu sita wakikaa mezani, kila mmoja amekula miligramu 4 kabla hajagusa glasi ya maji. Sijataja chai bado, na majani ya chai yenyewe ni mmea unaokusanya floraidi kutoka ardhini. Sijataja magadi pia. Nitayarudia, kwa sababu kwenye nyumba hii yalikuwa na sehemu yake.

Inatoka wapi? Juu ya kijiji umesimama Mlima Meru, mita 4,566, volkano ambayo mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1910. Lava zake ni za aina yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na ndani ya miamba na majivu yake kuna madini yanayoshika floraidi. Mvua inaponyonywa na miamba hiyo, inayeyusha polepole. Sasa sikiliza jambo hili, maana kwangu ndilo kiini cha kemia ya huku kwetu. Kalsiamu na floraidi zikikutana kwa wingi ndani ya maji hushikana, zinakuwa chembe ngumu na kuzama. Pale ambapo kalsiamu ipo ya kutosha, floraidi haiwezi kupanda sana. Maji ya Meru hayana kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo floraidi inabaki ikielea bila wa kuizuia.

Na maji yenye kalsiamu kidogo ndiyo ambayo akina mama huyaita maji laini. Sabuni inatoa povu upesi, nguo hazikakamai. Dada alilichagua bomba lile badala ya chemchemi ya bondeni kwa sababu hiyohiyo: kule bondeni sabuni inaisha haraka. Tulipoipima chemchemi ya bondeni, mwendo wa dakika 20 kwa miguu, ilisoma chini ya 1. Vyanzo viwili, kijiji kimoja, kimoja kinapitia majivu na kingine kinapitia mwamba tofauti. Ndiyo maana huwezi kusema maji ya Arusha ni mabaya au ni mazuri. Lazima useme chanzo kipi, hata bomba lipi.

Jina la mahali nalo lilitupoteza. Mto wa Maji ya Chai una rangi ya kahawia kama chai ya rangi, na wazee walituonya tangu utotoni tusiunywe. Basi tukajifunza kuogopa rangi. Mto huo kweli una floraidi nyingi, lakini rangi haitokani na floraidi. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivi haina ladha. Bomba lilipoleta maji meupe, kila mtu alishukuru kwamba balaa limebaki mtoni. Mwaka 1984 wanajiolojia walichapisha vipimo vya ukanda huu wa Kaskazini: mito miligramu 12 hadi 26 kwa lita, chemchemi 15 hadi 63, na maziwa ya magadi, yakiwemo ya Momella ambako watalii huenda kuangalia flamingo, kutoka 60 hadi 690. Nilikuwa bado sijaanza shule. Namba hizo zilikuwepo miaka yote ambayo sisi tulikuwa tunasuguana meno kwa mkaa na chumvi tukidhani ni uchafu.

Wengine walidhani ni kabila. Ukitabasamu Dar es Salaam, mtu anakwambia, "Wewe wa Arusha au Moshi?" Inasemwa kama utani, lakini inaingia. Nawaeleza wanafunzi habari za daktari wa meno Frederick McKay, aliyefika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901 akakuta wenyeji wa pale, Wazungu, wana meno ya kahawia kama yetu. Watu wa mji ule walikuwa na visingizio vyao pia. Ilichukua hadi 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kukuta floraidi, ndipo jambo likaeleweka. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinisogelea baada ya kipindi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mwalimu, hata Mzungu?" Nikamjibu, hata Mzungu. Alitoka akiwa ameushusha mkono mdomoni.

Niseme pia, ili nisieleweke vibaya, kwamba floraidi kidogo hulinda meno yasitoboke. Ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno, na Marekani huongezwa kwenye maji ya miji mingi, ikipendekezwa miligramu 0.7 kwa lita. Ubaya ni wingi, na wingi ndani ya mwili mdogo.

Kuhusu viwango vya nchi yetu nitasema kwa ufupi. Viwango vya muda vya maji ya vijijini vya 1974 viliruhusu hadi miligramu 8. Baadaye ikawa 4, na kiwango cha 2018 kikashuka hadi 1.5. Naelewa kwa nini ilianzia juu: katika vijiji vingi hapakuwa na chanzo kingine, na ungefunga bomba watu wangerudi kwenye madimbwi na kipindupindu. Lakini maana yake ni kwamba bomba la dada lilijengwa wakati ambapo maji yake yalihesabika kuwa halali. Hakuna aliyevunja sheria. Mtoto wa 2013 alikunywa uamuzi wa 1974.

Sasa tiba. Jambo la kwanza tulilojaribu lilikuwa la kuweka shabu na chokaa kwenye ndoo, kukoroga, kuacha mashapo yatue na kumimina maji ya juu. Njia hii ilitengenezwa India na inaitwa kwa jina la mji wa Nalgonda. Inafanya kazi, lakini kwa maji ya miligramu 6 inataka shabu nyingi, maji yanabaki na ukakasi, na upimaji unataka mkono wa uangalifu kila siku. Wiki ya tatu watoto wakaanza kunywa kwa jirani.

Ya pili ilikuwa mkaa wa mifupa. Huku kwetu teknolojia hii ina wenyewe: kuna kituo cha utafiti cha serikali pale Ngurdoto ambacho kazi yake ni kuondoa floraidi kwenye maji, na kwa jirani zetu wa Kenya Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kisha unaitwanga na kuichekecha iwe chembe za ukubwa wa mchele. Kuchoma ndiko kwenye ufundi wote. Ikitoka nyeusi sana bado ina mafuta, maji yatanuka na hakuna atakayeyanywa. Ikitoka nyeupe imeungua mno, haishiki floraidi vizuri. Nzuri ni ya kijivu. Maji yakipita taratibu katikati ya chembe hizo, floraidi huingia ndani ya madini ya mfupa, kama ilivyokuwa ikiingia kwenye mifupa ya mtoto. Jirani yetu Mwislamu aliuliza mifupa ni ya mnyama gani na amechinjwa vipi, swali la haki kabisa, na alijibiwa ni ya ng'ombe wa machinjioni.

Dada alipata ndoo yake mwishoni mwa 2018 kutoka kwa kikundi kimoja kilichokuwa kikizigawa kwa bei nafuu. Maji ya kwanza tuliyapima: chini ya 1. Tulishangilia. Shemeji aliijengea ndoo meza yake. Mwaka uliofuata alizaliwa mtoto wa tatu, na dada alisema huyu angalau amekuta nyumba imetakata.

Mwaka 2020, wakati shule zimefungwa kwa ajili ya korona, nilikaa pale wiki kadhaa na nikapima tena kwa kupitisha muda tu. Ndoo ilisoma zaidi ya 5. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Zaidi ya 5.

Mkaa ulikuwa umeshiba. Gramu moja ya mkaa mzuri wa mifupa hubeba miligramu chache tu za floraidi, basi. Nyumba ilikuwa ikipitisha lita 20 kwa siku. Ukiondoa miligramu 5 kwenye kila lita, ni miligramu 100 kila siku. Tukisema ndoo ilikuwa na kilo 8 za mkaa na kila gramu inabeba miligramu 2, jumla ni 16,000, yaani siku 160. Miezi mitano na ushee. Wao walikuwa wameitumia karibu mwaka na nusu. Na ubaya wake ni kwamba ndoo iliyokufa haisemi. Maji yanatoka meupe vilevile, ladha ileile, kasi ileile. Kichujio cha vijidudu kikiziba unaona maji yanadondoka kwa shida. Hiki hakionyeshi dalili. Kikundi kilichogawa ndoo kilikuwa kimeondoka bila kumwambia mtu kwamba mkaa hubadilishwa, na hakikuacha namba ya kupiga wala mahali pa kupata mkaa mwingine. Nililia siku ile, sioni haya kusema. Dada hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo huyu mdogo amekunywa nini?"

Jibu lilikuwa na unafuu kidogo. Maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo mno, hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi. Kwa miezi sita ya kwanza, mtoto anayenyonya tu amelindwa kuliko kwa kichujio chochote. Hatari huanza siku ya uji, kwa maana uji ni maji. Mdogo alikuwa amekula uji wa ndoo iliyokufa kwa miezi kadhaa.

Hapo tulibadilisha swali zima. Tulikuwa tukiuliza namna ya kusafisha maji yote ya nyumba. Lakini maji ya kufulia, ya kuoga, ya ng'ombe na ya kudekia hayana haja ya kusafishwa floraidi. Haipenyi ngozi kwa namna ya kudhuru. Yanayohusika ni ya kinywa na ya sufuria. Watu sita (bibi yuko nao) kwa lita 5 kila mtu za kunywa na kupikia ni lita 30 kwa siku. Kiangazi chetu kuanzia Juni hadi Oktoba ni kama siku 150. Hiyo ni lita 4,500, na simtanki ya lita 5,000 inatosha. Mvua haina floraidi ya kuhesabika, kwa sababu haijakutana na mwamba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la nyumba ni mita za mraba 60. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea, mvua ya milimita 105 hivi inajaza tanki, na masika ya upande wetu hupita hapo mbali.

Tanki lilinunuliwa 2021 kwa fedha za kikoba cha dada, michirizi ya bati akafunga shemeji mwenyewe. Kuna kipande cha bomba chenye kifuniko kinachoshika maji ya kwanza ya kila mvua, yale yanayosomba vumbi na kinyesi cha ndege. Na hapa kuchemsha kulirudi mahali pake, kwa sababu maji ya bati yana vijidudu. Dada alifurahi sana kusikia hivyo. Nilielewa. Zile asubuhi zote hazikuwa upumbavu. Zilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Ndoo ya mkaa haikutupwa, ipo kwa ajili ya mwaka ambao mvua itachelewa, na safari hii imebandikwa plasta yenye tarehe ya kubadilisha mkaa.

Vichujio vipya vinaendelea kubuniwa, na vingine hapahapa Arusha, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa kichujio chake. Nafurahi. Ila mtu akiniletea kichujio chochote leo, swali langu la kwanza ni moja: nitajuaje siku kitakapochoka?

Yakabaki magadi. Bibi huweka kipande kwenye makande na maharage ili viive upesi. Magadi hutoka kwenye ardhi ileile ya volkano, na kiasi cha floraidi ndani yake hutofautiana sana, kipande hiki kidogo, kile kingi mno. Watafiti wa meno walishaona miaka ya 1990 kwamba hata sehemu za Kaskazini ambazo maji yake yana floraidi kidogo, watoto walikuwa na meno ya rangi, na magadi ya jikoni yalikuwa miongoni mwa sababu. Nilimweleza bibi kwa heshima. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, makande bila magadi yataiva lini?"

"Tukiloweka usiku kucha, mama, yataiva."

"Na kuni za ziada utaleta wewe?"

Nililetea nyumba ile sufuria ya presha. Bibi anaiogopa mlio wake, lakini mkwewe anaitumia, na magadi sasa yapo kwenye kopo la juu, ya kuweka kwenye tumbaku yake tu.

Kijana wa matege ana miaka 12. Baada ya maji kubadilika na kalsiamu kuendelea, ukuaji umemnyoosha kwa sehemu kubwa, ingawa si yote; goti la kushoto bado limekwenda nje na asubuhi za baridi ya Julai huchelewa kushuka kitandani. Anacheza mpira, beki. Dada yake mkubwa alimaliza kidato cha nne akaomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja. Waliusifu uandishi wake, wakamwangalia akizungumza, wakampa kazi ya jikoni. Hakuna aliyemweleza sababu.

Nyumba moja imejiokoa kwa tanki, lakini bomba lile bado linahudumia nyumba nyingi, na si kila nyumba ina bati la kutosha au kikoba. Kazi ya bomba ni ya wenye bomba: kuhamia kwenye chanzo chenye floraidi kidogo, au kuchanganya vyanzo viwili hadi namba ishuke chini ya 1.5. Tangu RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ianzishwe 2019 kuna mlango unaojulikana wa kupeleka hoja ya maji vijijini, na mimi na shemeji tumeupiga hodi kwa barua yenye vipimo vyetu vyote. Tumeomba jambo moja dogo: majibu ya floraidi ya kila chanzo yabandikwe ukutani pale bombani, namba na tarehe, mahali ambapo mama mwenye ndoo anaweza kuyasoma.

Mwezi uliopita mdogo, yule wa 2019, aling'oka jino la mbele la chini, na la ukubwani limekwishachomoza. Dada alinipigia nije nione. Tulimkalisha mlangoni penye mwanga, akafungua mdomo bila kuziba. Jino hujengwa kuanzia ncha kwenda fizini. Kwenye ncha kuna michirizi myembamba, myeupe kama chaki, mitatu hivi. Chini ya hiyo, hadi fizini, linang'aa.

"Ndoo," dada alisema, akiigusa ile michirizi kwa kidole. Kisha akashusha kidole kidogo. "Tanki."

Mtoto akauliza kama anaweza kufunga mdomo sasa.